Dai Lililokataliwa Halijafa: Bima, Lugha na Haki ya Mteja wa Pwani ya Kusini

Neno bima si geni katika mwambao wetu. Lilitufikia na wafanyabiashara wa Kihindi, nao walikuwa wamelipata kwa Waajemi, ambao kwao bim ni hofu. Neno fidia nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kikomboleo, yaani kile kinachotolewa ili mateka aachiliwe. Tukiyafuata maneno yenyewe basi, anayekata bima ni mtu anayelipa ada ili mwingine aibebe hofu yake, na anayedai fidia anadai kukombolewa. Nimeanza na maneno kwa sababu hili ni jarida la wanafunzi wa Kiswahili, na pia kwa sababu makala haya yananuia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya dhuluma wanayotendewa wateja wa bima katika pwani ya kusini, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, hutendwa kwa maneno. Kwa hivyo inaweza kupingwa kwa maneno, na sisi tunaojigamba kuwa watu wa maneno tuna deni hapo.

Tuangalie hali ilivyo. Anayeshuka feri na kushika njia ya kusini, akapita Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi, hukutana na maisha yanayotegemea vyombo na majengo ambayo ama sheria ama busara huyataka yawe na bima. Kuna matatu, tuktuk na bodaboda. Kuna mikahawa na nyumba za wageni za Diani zilizoezekwa makuti, mashua za kuwapeleka watalii Kisite, na maduka ya jumla ya Ukunda yanayolisha vijiji vya bara hadi Kinango. Bima ya vitu hivi huuzwa karibu sana na mnunuzi. Wakala huja kwa pikipiki hadi mlangoni, akatoa fomu mkobani, akaijaza mwenyewe kwa Kiingereza huku mteja akijibu kwa Kidigo au kwa Kiswahili. Mteja hutia sahihi mahali alipoonyeshwa kwa kidole. Chombo kikipata ajali, hata hivyo, ofisi inayoamua dai haiko mlangoni. Iko ng'ambo, Mombasa, au iko Nairobi. Hapo ndipo huanza nauli, foleni, "njoo Jumatatu", ripoti ya polisi, ripoti ya mkadiriaji wa hasara, na mwishowe barua ya aya mbili inayosema kwamba kampuni inasikitika.

Aghalabu mambo huishia hapo. Mteja huisoma barua, au husomewa na mwanawe aliye kidato cha pili, kisha akaikunja na kuitia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Husema ndivyo Mungu alivyopanga, au ndivyo walivyo watu wa bima. Mwaka unaofuata huambia jirani asithubutu kukata bima. Sishangai kwamba kwa miaka mingi mchango wa bima katika pato la taifa letu umebaki chini ya asilimia 4, na sidhani kwamba kiini chake ni ujinga wa wananchi, kama wahubiri wa bima wanavyopenda kusema. Watu wameona.

Msimamo wangu ni kwamba barua ile si hukumu. Ni kauli ya upande mmoja wa mkataba, upande ambao una maslahi ya kifedha katika kukataa. Huwa hukumu pale tu ambapo upande wa pili umenyamaza.

Kabla sijaendelea, uadilifu unanilazimu nikiri kwamba si kila dai linalokataliwa limekataliwa kwa dhuluma. Wapo wanaotunga ajali, na wapo wanaochoma duka lililokwisha kufilisika. Wapo pia, nao ni wengi zaidi, ambao wamekosea tu kuhusu kile walichonunua. Kijana wa bodaboda aliyelipia bima ya kuwakinga watu wengine peke yake, ile ambayo sheria inaishurutisha, hawezi kudai pikipiki yake iliyoibwa Ukunda, kwani hakuilipia. Kuna na kanuni ya uwiano, ambayo huzua manung'uniko yasiyokwisha. Mwenye nyumba ya thamani ya shilingi 2,000,000 akiikatia bima ya 1,000,000 ili apunguze ada, kisha moto ukala makuti na mbao za shilingi 400,000, kampuni itamlipa 200,000. Atalia kwamba ameibiwa nusu. Kwa hakika alikata bima ya nusu ya nyumba, akalipwa nusu ya hasara. Hesabu hii ni ya haki. Ila ningependa sana kumwona wakala mmoja aliyemweleza mteja hesabu hiyo kabla ya kupokea pesa.

Yaliyo nje ya hayo ndiyo yanayonishughulisha. Katika kujiandaa kuandika makala haya nilikaa na hati moja ya bima ya gari, ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, nikajaribu kuitia katika Kiswahili. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, na ugumu wenyewe ulikuwa somo. Sentensi moja ilijaza ukurasa nusu bila kituo. Kitenzi chake kikuu kilijificha karibu na mwisho, baada ya msururu wa vishazi vya masharti ambavyo kila kimoja kilinyang'anya kidogo kile kilichoahidiwa na kilichotangulia. Ilipomalizika, nilijiuliza imeahidi nini.

Tuchukue sharti moja tu. Hati ilimtaka mwenye gari achukue hatua zote za busara kulilinda dhidi ya hasara. Busara ya nani? Mtu wa Mwabungo anayelaza tuktuk yake chini ya mwembe, hatua kumi kutoka dirisha analolalia, amefanya jambo ambalo kijijini kwake hakuna asiyeliona kuwa la busara. Mkaguzi wa madai aliyezoea maegesho ya Nairobi yenye lango na bawabu huenda asilione hivyo. Au tuchukue sharti kwamba ajali iripotiwe mara moja. Ajali imetokea Ijumaa usiku barabara ya Kinango, dereva amelazwa Msambweni wiki mbili akiwa na nyonga iliyovunjika, na taarifa imefika Mombasa siku ya kumi na saba. Je, "mara moja" ya mtu aliyelala hospitalini ni sawa na "mara moja" ya mtu aliyeketi mezani? Wanaisimu hatuna budi kujua jibu, maana tunafundishwa kila muhula kwamba maana haikai katika neno peke yake. Mahakama nazo zinalijua jibu hilo tangu zamani. Kanuni iliyokubalika ni kwamba neno lenye utata katika mkataba husomwa dhidi ya yule aliyeuandika. Kampuni ndiyo iliyoandika. Mteja wa Mwabungo hakuulizwa hata nukta iwekwe wapi.

Kuna na barua zenyewe za kukataa. Barua nyingi za namna hii hubeba juu yake maneno yenye maana ya "bila kuathiri haki zetu". Mteja huyapita akidhani ni salamu za kiofisi. Sivyo. Mwandishi anajiwekea akiba: lolote atakalolisema humo asije akabanwa nalo baadaye. Aidha, Kiswahili kina utajiri unaofaa kutumika hapa, kwa sababu tunacho kitenzi kukataa na tunacho kukana. Kampuni inayosema hasara haifiki kiasi kile kinachodaiwa imekataa kiasi. Kampuni inayosema haina wajibu wowote, eti mkataba ulikuwa batili tangu mwanzo, imekana deni zima. Ya kwanza hujibiwa kwa risiti, picha na mkadiriaji mwingine. Ya pili hujibiwa kwa mkataba wenyewe, ibara kwa ibara. Mteja anayejibu kukana kwa kupeleka risiti nyingine hujichosha bure, na nimeona waliozunguka hivyo mwaka mzima.

Hati ya kutahadhari nayo kuliko zote ni ile anayopewa mteja siku ya kulipwa. Humo hutamka kwamba anachopokea ni malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena. Mtu aliyesubiri miezi minane akaonyeshwa hundi ya nusu ya haki yake atatia sahihi, na baada ya hapo mlango wa kudai nusu ya pili huwa mgumu mno kuufungua.

Sababu inayotumiwa mara nyingi katika kukana ni kwamba mteja alificha jambo wakati wa kujaza fomu. Hakusema kwamba paa ni la makuti. Hakusema kwamba gari hubeba abiria wa kulipa. Hakusema kwamba aliwahi kupata ajali. Kanuni inayotajwa hapo ni ile ya nia njema kamili, kwamba anayekata bima hana budi kumweleza mwenye kampuni kila jambo lenye uzito. Naona ni vyema tujue kanuni hii ilitoka wapi, maana wanaoitaja huwa hawasimulii kisa chake hadi mwisho.

Ilitoka katika kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1766. George Carter alikuwa gavana wa ngome ya Marlborough katika kisiwa cha Sumatra, upande wa pili wa bahari hii hii yetu ya Hindi. Aliikatia bima dhidi ya kutekwa na maadui wa kutoka Ulaya. Mwaka wa 1760 Wafaransa wakaja wakaiteka. Bwana Boehm, aliyekuwa amepokea ada, akakataa kulipa. Hoja yake ni kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome na uwezekano wa Wafaransa kushambulia. Jaji Lord Mansfield ndiye aliyeieleza kanuni ya nia njema, na wanasheria humnukuu hadi leo. Kinaya ni kwamba katika kesi hiyo hiyo kampuni, kwa lugha ya leo, ilishindwa. Mansfield aliona kwamba mpokea ada alijua anamkatia bima gavana wa ngome ya mbali wakati wa vita, kwamba angeweza kuuliza akitaka, na kwamba hawezi kunyamaza akapokea pesa kisha, maafa yanapotokea, ndipo adai kwamba hakuambiwa. Nia njema, alisema kwa maana hiyo, inawafunga wote wawili.

Hebu tuirejeshe hoja hiyo Diani. Wakala amefika mwenyewe kwenye mkahawa, amekaa chini ya paa la makuti, amekunywa maji ya dafu chini yake, ameijaza fomu kwa mkono wake, na mahali pa kuandika aina ya paa ameacha wazi. Miezi sita baadaye cheche ya jikoni inakula paa, na kampuni inasema haikuambiwa. Nashindwa kuona nia njema iko wapi. Anayekutana na kisa cha namna hii na akiandike kama kilivyo: nani alikuja, siku gani, alikaa wapi, fomu iliandikwa kwa mwandiko wa nani.

Hadi hapa nimezungumza juu ya mteja aliyelipa ada. Kuna kundi la pili ambalo hata halijui kwamba lina dai, nalo ni abiria na wapita njia. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga imewaacha wengi bila miguu. Mathalani, matatu iliyojaza watu kupita idadi yake inapinduka karibu na Milalani. Abiria aliyevunjika mguu anaambiwa, mara nyingi na mtu asiyejitambulisha vizuri, kwamba gari lilizidisha abiria na kwa hivyo bima imevunjika, achukue elfu kumi za maziwa aende zake. Maneno haya ni potofu. Sheria ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa watu wengine, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inataja katika kifungu cha 16 masharti ambayo kampuni haiwezi kuyatumia kumnyima haki mtu wa tatu: umri au afya ya dereva, hali ya gari, idadi ya abiria, uzito wa mzigo, saa au eneo la safari na mengineyo. Kampuni yaweza kumgeukia mwenye gari baadaye ili arudishe ilicholipa. Hilo ni baina yao. Kifungu cha 10 kinailazimu kampuni kuilipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, mradi iwe imejulishwa kuhusu kesi kabla haijaanza au siku chache tu baada ya kuanza. Na kama kampuni inataka kuukwepa wajibu huo kwa madai kwamba mwenye gari alidanganya kwenye fomu, ni yenyewe inayotakiwa kwenda mahakamani kuomba itamkwe hivyo, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu tangu ianze. Haitoshi kumwambia mgonjwa kitandani.

Hilo la kujulishwa mapema nalisisitiza kwa sababu dai huweza kufa hapo kimyakimya. Majeruhi anahangaika na mguu, ndugu wanahangaika na mchango wa hospitali, na hakuna anayekumbuka kunakili maandishi ya kile cheti kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha gari. Jina la kampuni na nambari ya cheti ndiyo kamba ya kushika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mguu nao ni mali.

Sitaki kudanganya kwamba kushinda ni kulipwa. United Insurance, iliyojulikana kwa kuyakatia bima matatu, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwezi wa Julai 2005. Blue Shield ilifuata Septemba 2011. Watu waliokuwa na hukumu mkononi walijikuta na karatasi, na wenye magari wakajikuta wakiandamwa kwa madeni waliyodhani wameyakatia bima. Ipo Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima iliyoundwa kwa ajili ya maafa ya namna hiyo, nayo ina kikomo katika malipo yake. Kabla ya kununua bima rahisi kuliko zote mjini, inafaa mtu ajiulize urahisi huo unatoka wapi.

Kuna pia makataa yanayokuja kwa wimbi. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yaliyofuata yakateketeza vibanda na nyumba na kuzimaliza hoteli za kusini. Miaka kumi baadaye zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wafanyabiashara wengi nchini walikimbilia bima zao za moto wakaambiwa kwamba moto uliowashwa na siasa si moto ule uliokatiwa bima. Waliokuwa wamelipia nyongeza ya machafuko ya kisiasa ndio waliokuwa na pa kusimama. Kisheria kampuni zilikuwa na maandishi. Lakini nauliza: duka la Ukunda huogopa nini zaidi, hitilafu ya umeme au mwaka wa uchaguzi? Kumuuzia mtu bima ya moto huku unajua kwamba moto anaouogopa umetolewa ndani yake, na usimwambie, ni biashara inayosimama kwa kutosomwa.

Uingereza ilitupa mfano mwingine wakati wa janga la korona. Biashara zilifungwa mwaka wa 2020 kwa amri ya serikali, kampuni za bima zikakataa kufidia, na mdhibiti wa sekta ya fedha wa huko akazipeleka mahakamani yeye mwenyewe kwa niaba ya wateja waliokadiriwa kufika 370,000. Majaji walikaa na maneno ya hati mbalimbali, wakabishana, kwa mfano, kuhusu maana ya ugonjwa kutokea ndani ya maili 25 kutoka kwenye jengo: je, ugonjwa ulioenea nchi nzima umetokea ndani ya maili hizo au nje yake? Mnamo tarehe 15 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa sehemu kubwa kuwapa wateja haki. Hoteli za Diani nazo zilifungwa mwaka ule ule. Ningependa kuona siku ambapo mdhibiti wetu naye ataichukua hati moja yenye utata na kuipeleka mahakamani kwa niaba ya wengi, badala ya kila mwenye mkahawa kupigana peke yake na wanasheria wa ghorofa ya kumi.

Mdhibiti huyo tunaye. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kamishna ndani ya wizara ya fedha, na tangu Mei 2007 iko mikononi mwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo hupokea malalamiko ya wateja. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaweka muda wa siku 90 katika kulipa madai. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kwa hivyo mteja aliyekataliwa asianze kwa kulalamika kwenye baraza la kahawa. Aanze kwa barua. Aiombe kampuni imtajie kwa maandishi kifungu hasa cha mkataba inachokitegemea, na ushahidi wa jambo inalodai, na aombe nakala ya fomu aliyoitia sahihi. Aeleza tarehe aliyoripoti na ahesabu siku. Asipojibiwa au akajibiwa kwa mafumbo, aipeleke barua ile pamoja na majibu yake kwa Mamlaka. Nimegundua kwamba ombi hili dogo la kutajiwa kifungu huwatia watu wa madai wasiwasi kuliko matusi, kwa sababu wakati mwingine kifungu hakipo.

Mahakama nayo haiko mbali kama zamani. Mahakama za Madai Madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Dai la mkataba lina muda wa miaka sita, na dai la majeruhi miaka mitatu. Lakini hati nyingi za bima huwa na kifungu cha usuluhishi chenye muda mfupi zaidi, na mteja asiyekitazama huja kushtuka amechelewa. Katika mahakama za chini Kiswahili kinaruhusiwa. Kule juu lugha ni Kiingereza, na hilo ni mada ya makala mengine.

Nalikumbusha hili la lugha kwa sababu ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, hati ambayo mtu wa Gazi au Vanga anaitegemea siku ya maafa yake imeandikwa kwa lugha moja tu, na ndiyo ile asiyoijua. Ninaposikia wasomi wetu wakijadili usanifishaji wa istilahi za nadharia ya fasihi katika kila kongamano, hufurahi, kisha hujiuliza ni nani aliyemtafsiria mwenye tuktuk fomu yake. Chama chetu kina wanachama wanaotoka Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango. Likizo zetu ni ndefu. Tunaweza kuichukua fomu moja ya kuombea bima ya gari, ambayo haizidi kurasa chache, tukaitafsiri, tukaipeleka Ukunda, tukawasomea wenye vyombo na kuwauliza wameelewa nini kabla ya kuiita tafsiri. Kisha tuipeleke kwa Mamlaka na kwa kampuni zenyewe, tuwaulize kwa nini wakala asiibebe mkobani.

Fomu ndiyo ya kuanzia, wala si hati yenyewe yenye kurasa arubaini, kwa sababu ni katika majibu ya fomu ndimo kampuni huchimba sababu ya kukana. Tatizo la kwanza tutakalokutana nalo ni lile jambo ambalo mteja analazimika kulifichua. Kamusi nilizozitazama hazikunisaidia. "Jambo muhimu" ni pana mno, kwa maana kila mtu ana lake. "Jambo la msingi" linamfanya mteja afikirie msingi wa nyumba. Mimi nimelitumia hapo juu "jambo lenye uzito", na mzee mmoja mwenye matatu niliyemsomea aliniuliza papo hapo, "Uzito kwa nani, kwangu au kwao?" Jibu la kisheria ni kwao: ni jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa mwenye kampuni wa kukubali au kiasi cha kutoza. Istilahi inayofaa haina budi kuubeba huo "kwao" ndani yake. Mwanachama aliye na neno bora na alilete.